Nani kampa funguo za jikoni? Draiva, moduli na ugomvi wa kiini cha kompyuta

Najua nimepotea kidogo, kutafuta riziki huku na umeme nao huku, mtanisamehe.

Mara ya mwisho niligusia habari ya Windows 10 kuachwa na wenyewe tangu tarehe 14 Oktoba 2025, nikasema wenye mashine za zamani wafikirie kuhamia Linux. Weee! Maoni yaliyokuja sikuyategemea. Mdau mmoja ambaye hakuweka jina akanishushua, eti Linux ni ya watu wasio na kazi za kufanya, leo unasasisha, kesho waifai imekufa, bora draiva zote zingekaa humo humo ndani mambo yaishe. Mwingine akamrukia: wewe huna habari, kadri unavyojaza vitu ndani ya kiini ndivyo unavyojichimbia kaburi, hukuona CrowdStrike? Wakaendelea hivyo mpaka usiku wa manane, na mmoja akaanza kutaja makabila, huyo nikamfuta.

Nimekaa nimesoma tena yote, na naona kila mmoja ana haki nusu. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayogharimu watu hela. Kwa hiyo leo tuongelee hilo, na mniwie radhi kama litakuwa refu.

Kwanza tuelewane maneno. Ukiwasha kompyuta, programu inayoshika usukani ni kiini, au keneli kama wanavyoiita wanaocheza na Linux. Hiyo ndiyo inagawa kumbukumbu, inaamua programu gani ipate zamu kwenye prosesa, na inaongea na vifaa: diski, kibodi, printa, kadi ya waifai. Programu nyingine zote, iwe kivinjari au mchezo wa karata, zinakaa nje na kuomba. Chukulia jiko la shughuli ya harusi. Wageni wako ukumbini, wanaagiza, hawaruhusiwi kuingia jikoni. Mgeni akizimia ukumbini mnamtoa nje, shughuli inaendelea. Lakini mtu aliye jikoni akimwaga sufuria la mafuta ya moto, hakuna shughuli tena.

Draiva ni mtu wa jikoni. Ni kipande cha programu kinachojua lugha ya kifaa fulani, na kwa kawaida kinafanya kazi humo humo ndani ya kiini.

Sasa ugomvi uko kwenye namna ya kumwingiza. Unapoandaa kiini cha Linux unapewa orodha ndefu sana ya draiva na mambo mengine, na mbele ya kila moja unachagua herufi. Ukiweka y, draiva inaunganishwa moja kwa moja, inakuwa sehemu ya kiini kama figo ilivyo sehemu ya mwili, na haiwezi kutolewa mpaka uunde kiini kipya. Ukiweka m, inakuwa moduli: faili la pembeni lenye mwisho wa .ko, linakaa kwenye diski, kiini kinaliita pale kinapolihitaji na kinaweza kulitoa. Ukiweka n, haipo kabisa.

Wanaotengeneza Ubuntu, Debian, Fedora na wenzao karibu draiva zote za vifaa wanaziweka m. Sababu ni rahisi tu. Wao hawajui wewe una mashine gani. Wangeunganisha kila draiva ya dunia hii ndani, kiini kingekuwa furushi kubwa linalokula kumbukumbu kwa ajili ya vifaa ambavyo hutakaa uvione maishani. Kwa hiyo wanakuletea maelfu ya moduli, mashine yako inaamka, inajitazama ina vifaa gani, inaita zile chache inazozihitaji. Linux inafanya hivi tangu katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo, ukinunua kadi mpya unaunda kiini upya, unasubiri masaa, unaomba Mungu.

Hapa nisimamishe kidogo, maana kuna kosa ambalo hata mafundi wa mjini wanalifanya. Watu wanadhani kwa kuwa moduli ni faili la pembeni, basi ikiharibika itaharibika peke yake. SIYO KWELI. Moduli ikishapakiwa iko jikoni na wenzake, inashika sufuria zile zile, haina ukuta wowote. Mpishi wa kukodi akishaingia hana tofauti na mpishi wa nyumbani. Tofauti yao ni mlango waliopitia na nani aliwafungulia. Shikeni hilo, tutarudi kwake.

Kuna na kichekesho kimoja. Kama draiva ya diski ni moduli, na moduli zinakaa kwenye diski, kiini kitaisomaje diski ili kupata draiva ya kusomea diski? Ni sawa na kufungia funguo za nyumba ndani ya nyumba. Dawa waliyoipata ni kifurushi kidogo kinaitwa initramfs, kinachopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kiini mwanzoni kabisa, humo ndani kuna moduli za lazima. Kikikosa moduli moja ya muhimu, mashine inasimama njiani na kukutolea maandishi meupe kwenye giza.

Sasa niwape kisa changu, kwa sababu yule mdau wa waifai alinigusa penye kidonda.

Mtaani kwetu kuna dada ana stationery. Anatoa kopi, anaprinti, na msimu wa maombi ya vyuo anawajazia watoto fomu mtandaoni kwa bei ya makubaliano. Kompyuta yake ilikuwa imejaa virusi vya flashi za wateja mpaka ikawa inachukua dakika nzima kufungua folda. Nikamwekea Linux. Kadi yake ya waifai ilikuwa ya kampuni moja siitaji, ambayo draiva yake haimo kwenye kiini, unaipata pembeni kama moduli na inatakiwa kuundwa upya kila kiini kinapobadilika. Nikaiweka, ikafanya kazi, nikalipwa, nikaondoka kifua mbele.

Wiki tatu baadaye, jioni, simu. "We kijana, umeniharibia mashine." Nikamwambia dada tulia, nakuja. Kufika nakuta vijana wawili wamekaa kwenye benchi na vyeti vyao kwenye bahasha, mmoja kaja na mama yake kutoka kijijini, na dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku ule ule. Waifai hakuna. Hata alama yake haipo.

Kilichotokea ni hiki. Mashine ilijisasisha ikaleta kiini kipya. Moduli ya waifai ilikuwa imeundwa kwa kiini cha zamani, kiini kipya kikaikataa. Kuna utaratibu unaitwa DKMS, ulianzia kwa wahandisi wa Dell, unaotakiwa kuunda moduli upya wenyewe bila kusumbua mtu. Lakini ili uweze kufanya hivyo unahitaji mafaili ya vichwa ya kile kiini kipya, na mimi siku ile naweka sikuamuru yawe yanakuja kila mara. Kosa langu, sina pa kumpeleka. Na uzuri wake sasa: ili nipate hayo mafaili nahitaji intaneti, na intaneti ndiyo iliyokufa.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza niliwasha upya nikachagua kiini cha zamani kwenye menyu ya mwanzo, maana Linux huwa haikitupi mara moja, na waifai ikarudi pale pale. Vijana wakajaza fomu, wakamaliza saa nne na nusu. Baadaye nikarudi kwenye kiini kipya, nikachomeka simu yangu kwa waya na kuifanya modemu (draiva ya hiyo ilikuwemo kati ya moduli zilizokuja na kiini chenyewe, ikashika bila hata kuuliza), nikashusha yale mafaili, moduli ikaundwa. Dada hakunilipa usafiri na mimi sikudai.

Kwa hiyo ndugu yangu usiye na jina, naelewa hasira zako. Lakini angalia vizuri mkosaji ni nani. Moduli ya simu ilifanya kazi, na ni moduli. Moduli ya diski, ya kibodi, ya sauti, zote zilivuka salama. Iliyobaki nyuma ni ile moja iliyokuwa inaishi NJE ya nyumba ya kiini.

Na hilo lina siasa yake. Watengenezaji wa Linux kwa makusudi kabisa hawaahidi kwamba mambo ya ndani ya kiini yatabaki vile vile. Programu za nje, ndiyo, hizo wanazilinda. Linus Torvalds ni mkali sana mtu akivunja programu ya mtumiaji. Lakini kwa draiva wanasema: leta msimbo wako ndani, uweke wazi, ukiwa ndani sisi tukibadilisha kitu tutakubadilishia na wewe. Ukikaa nje, utafute njia yako. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakubwa pale, aliwahi kuandika waraka mzima wa kutetea msimamo huo na umo ndani ya nyaraka za kiini chenyewe. Kampuni nyingi hazikupenda, maana hazitaki kuonyesha msimbo wao. Nvidia ndiyo mfano maarufu. Mwaka 2012 Torvalds, akiwa pale Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, aliionyesha Nvidia kidole cha kati mbele ya kamera. Ilichukua mpaka Mei 2022 ndipo Nvidia wakafungua msimbo wa moduli zao za kiini. Miaka kumi ya watu kuwasha kompyuta na kukuta skrini nyeusi baada ya sasisho!

Msidhani haya ni ya zamani. Mwaka 2025 tumeona sinema nyingine. Kuna mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski unaitwa bcachefs, wa bwana Kent Overstreet. Uliingizwa kwenye Linux 6.7 mnamo Januari 2024 baada ya kupigania miaka mingi. Halafu yeye na Torvalds wakawa hawaelewani, hasa kuhusu kuleta mabadiliko makubwa wakati wenzake wamefunga milango na wanarekebisha makosa tu. Kwenye 6.17, Septemba 2025, bcachefs ikaandikwa kwamba inatunzwa na watu wa nje. Kwenye 6.18 msimbo wake ukatolewa kabisa. Sasa anayeitaka anaiweka kama moduli ya DKMS, ile ile njia ya waifai ya dada wa stationery.

Kwa wakubwa wawili kugombana, sawa, wamezoea. Ila fikiria mtu aliyepanga diski yake nzima kwa bcachefs. Waifai ikikosa moduli unachomeka simu. Diski yenyewe ikikosa moduli, utachomeka nini? Mashine haiwaki. Picha za watoto zimo, hesabu za duka zimo, na moduli ya kuzisomea imegoma kuundwa kwa sababu kiini kimebadilisha kitu kimoja wiki iliyopita. Binafsi namwelewa Torvalds kwenye suala la nidhamu, lakini adhabu imemwangukia mtumiaji, ambaye hakuwa hata kwenye ule ugomvi.

Haya, tuje kwa mdau wa pili, wa CrowdStrike.

Siku ile ilikuwa Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta yenye makao yake Austin, Texas, ilituma faili dogo kwa wateja wake wa Windows. Saa mbili na dakika ishirini na saba ikalirudisha. Ni dakika 78 tu. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilianguka, na wakasema hiyo ni chini ya asilimia moja ya kompyuta zote za Windows duniani. Lakini asilimia moja ile ilikuwa ya viwanja vya ndege, hospitali, benki, vituo vya televisheni. Delta peke yake ilifuta safari kama 7,000 kwa siku tano na mkuu wake akasema hasara ni dola milioni 500. Oktoba mwaka huo wakaenda mahakamani kuishtaki CrowdStrike kule Georgia.

Wengi waliandika kwamba ni sasisho baya, wakaishia hapo. Mimi nilisoma ripoti ya CrowdStrike wenyewe ya chanzo cha tatizo, na hapo ndipo pana utamu.

Programu yao ina draiva inayokaa ndani ya kiini cha Windows. Draiva hiyo ilikuwa imepimwa na kupigwa muhuri na Microsoft, kila kitu halali. Tatizo ni kwamba draiva hiyo inasoma mafaili mengine ya maelekezo, yanayokuja mara kwa mara, kuielekeza itafute tabia gani mbaya. Hayo mafaili siyo draiva, kwa hiyo hayapitii kwenye muhuri. Faili la siku ile, namba 291, lilitumia sehemu 21 za taarifa. Msimbo uliokuwa jikoni ulikuwa unaleta 20. Ya ishirini na moja ikatafutwa mahali ambapo hapakuwa na kitu, draiva ikasoma kumbukumbu isiyokuwa yake, na Windows ikajizima yenyewe kama ilivyofundishwa, kwa sababu kosa likitokea ndani ya kiini ni afadhali kusimama kuliko kuendelea kuharibu data za watu.

Mnaona mchezo? Mpishi wa kukodi kakaguliwa getini, kapewa kitambulisho. Lakini kila siku kuna mtu anampitishia karatasi dirishani ya nini cha kutia kwenye chungu, na ile karatasi hakuna anayeisoma.

Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo linagusa mada yetu hasa. Draiva ile ilikuwa imewekwa katika kundi la zile zinazopakiwa mwanzoni kabisa mashine inapowaka. Sababu yake ina mantiki, ukitaka kukamata mwizi lazima uamke kabla yake. Ila matokeo yake mashine inawaka, inaita draiva, draiva inasoma faili bovu, inaanguka, inawaka tena, inaanguka. Haipati hata nafasi ya kufika kwenye mtandao na kushusha faili zuri. Kwa jina ilikuwa ya kupakiwa, faili la pembeni kabisa. Kwa vitendo ilikuwa sawa na iliyounganishwa ndani, maana hapakuwa na njia ya kuwaka bila yenyewe isipokuwa binadamu aende kwenye kila mashine kwa miguu, aiwashe kwa hali salama, afute faili. Penye diski iliyofungwa kwa BitLocker alitakiwa kuwa na ufunguo wa tarakimu 48 kwanza. Microsoft waliwaambia watu wenye mashine kwenye Azure wajaribu kuwasha na kuzima hata mara 15, labda katika moja ya hizo mtandao utawahi kabla ya kuanguka. Kampuni yenye pesa za dunia nzima inakwambia zima washa, zima washa! Nilicheka kwa uchungu, maana na mimi wateja hunicheka nikiwaambia hivyo hivyo.

Baada ya hapo kila mtu akaanza kunyoosheana vidole. Msemaji wa Microsoft aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba hawawezi kufunga kiini chao kama Apple kwa sababu ya makubaliano waliyofikia na Tume ya Ulaya mwaka 2009. Apple kweli walianza kuwaondoa wageni jikoni mwaka 2019 na macOS Catalina, wakawajengea sehemu ya nje ya kufanyia kazi zao. Lakini hoja ya Microsoft mimi imenikalia vibaya. Makubaliano yale yaliwataka wawape washindani milango ile ile ambayo bidhaa zao za usalama zinatumia. Hayakuwakataza kutoka wote pamoja. Wangejenga sehemu nzuri ya nje, wakatoa na Defender yao wenyewe jikoni, nani angewashtaki? Na mwisho wa siku hicho ndicho wanachokifanya: Novemba 2024 walitangaza mpango wa kuimarisha Windows, na Juni 2025 wakasema mwezi unaofuata wataanza kuwapa kampuni za antivairasi majaribio ya kufanya kazi nje ya kiini. Yaani iliwezekana. Ilihitaji tu ndege zilale kwanza. (Na ile skrini ya bluu wameamua iwe nyeusi. Sijui ndiyo dawa yenyewe.)

Basi mdau wa pili naye ana nusu yake: ndiyo, kupunguza watu jikoni ni jambo jema. Lakini aliandika kana kwamba moduli ni ulinzi kwa sababu siyo sehemu ya kiini, na hapo kateleza. Moduli ndiyo mlango ambao wezi wanaupenda. Mtu akishapata nywila ya mkuu wa mashine, kitu cha kwanza anachoweza kufanya ni kupakia moduli yake inayoficha mafaili na programu zake, hata msimamizi akitazama orodha haoni kitu. Mchezo huu kwenye Linux upo tangu miaka ya 1990.

Jamaa wa OpenBSD, ambao makao yao ni Calgary kule Kanada na ambao kwa usalama wana wazimu wa aina yake, walikata shauri moja kwa moja: kwenye toleo la 5.7 la mwaka 2015 waliondoa kabisa uwezo wa kupakia moduli. Kila draiva iko ndani, basi. Hasara yake ni kwamba kifaa chako kikiwa hakimo, hakimo, kanunue kingine. Halafu wakaja na kituko kingine kwenye 6.2 mwaka 2017, kila mashine ikiwaka vipande vya kiini vinapangwa upya kwa mpangilio tofauti kwa ajili ya safari ijayo, ili mwizi asiweze kukariri ramani ya nyumba. Mimi sitaiweka kwenye stationery, lakini kwa seva ya benki ningelala usingizi.

Linux wana njia ya katikati ambayo nashangaa watu wengi hawaijui. Kuna swichi inaitwa kernel.modules_disabled. Mashine inawaka, inapakia moduli zake zote inazozitaka, halafu unaandika 1 pale. Kuanzia hapo hakuna moduli itakayoingia wala kutoka, hata kwa amri ya mkuu wa mashine, na hata hiyo 1 huwezi kuirudisha kuwa 0 mpaka uwashe upya. Bure kabisa, amri ya mstari mmoja. Upo pia ukaguzi wa saini za moduli tangu Linux 3.7 ya mwaka 2012, na kufuli kubwa zaidi lililoingia kwenye 5.4 mwaka 2019. Vitu vipo jamani, hakuna anayeviwasha.

Na msiseme haya ni ya kompyuta tu, simu yako ya Android ina kiini cha Linux. Zamani mtengenezaji wa chipu alikuwa anachukua kiini, anakikata anavyotaka, anamkabidhi mtengenezaji wa simu, naye anakata tena. Google wenyewe wameandika kwamba hadi nusu ya msimbo wa kiini kwenye simu ungeweza kuwa wa pembeni, usiokuwemo kwenye Linux ya kawaida. Ndiyo maana tundu la usalama likizibwa huko juu, kiraka kilikuwa hakifiki kwenye simu yako ya laki mbili, maana hakuna mtu wa kukaa kushona upya nguo iliyokatwa vile. Dawa waliyoleta ni hii hii ya moduli: simu zinazotoka na Android 12 na kiini cha 5.10 au zaidi zinatakiwa kutumia kiini kimoja cha pamoja kutoka Google, na mambo yote ya chipu na ya mtengenezaji yakae pembeni kama moduli, kwa mipaka ambayo haibadilishwi ovyo. Kinyume kabisa cha Torvalds asiyeahidi chochote! Kwa hapa nawapa Google haki yao. Bado mtengenezaji anatakiwa akubali kukutumia sasisho, na hapo ndipo simu nyingi za bei yetu zinapokwama, lakini kisingizio cha kwamba haiwezekani kitaalamu kimepungua nguvu.

Juzi mtu aliniandikia kwamba mimi niliyeishia kidato cha nne nawezaje kuchambua mambo ya wahandisi. Sawa, sina digrii. Ila maswali yangu siyo ya digrii. Ofisi inaponunua antivairasi ya kuweka kwenye kompyuta za wodini au za dirisha la malipo, kuna mtu anauliza kama inaingia jikoni? Kuna anayeuliza masasisho yake yakija yanafika mashine zote kwa mpigo au yanaanzia kwa chache? Baada ya Julai 2024 CrowdStrike wenyewe wameahidi kupeleka mafaili yao kwa awamu na kumpa mteja nafasi ya kuchagua. Hiyo nafasi ipo, lakini mtu lazima aingie akaichague. Na funguo za BitLocker zimeandikwa wapi, kwenye seva ile ile ambayo nayo haitawaka?

Kwa stationery ya dada nimefanya hivi: nimeweka lile agizo la mafaili ya vichwa yaje na kila kiini, viini viwili vya zamani vinabaki, na mwezi uliopita nikamnunulia kidude cha waifai cha kuchomeka USB ambacho draiva yake imo ndani ya Linux yenyewe. Ile moduli ya pembeni nimeifuta. Hela ya kidude ameniahidi mwisho wa mwezi, tutaona.

Wenye Linux, fungueni dirisha la amri muandike lsmod | wc -l halafu mtoe moja kwa ajili ya ule mstari wa kichwa. Yangu inaniambia 97. Wekeni za kwenu hapo chini na aina ya mashine, na tafadhali, makabila tuyaache nje.